Spirulina, mwani na figo: panya alipewa lini?

Ninaulizwa sana na watu wa Bagamoyo: kama spirulina, unga wa vijidudu vya majini vya rangi ya kijani-buluu, hulinda figo dhidi ya sumu, kwa nini mgonjwa wa figo asimeze? Au asile mwani wa Mlingotini, ulio mlangoni pake?

Tazama kwanza jaribio linavyokwenda. Panya hudungwa sumu inayojulikana: jentamaisini (dawa ya sindano ya kuua bakteria), sisplatini ya saratani, au chumvi ya zebaki. Jentamaisini hufyonzwa na seli za mirija ya mwanzo ya figo na kurundikana humo. Seli hujaa molekuli kali za oksijeni, utando wake hutoboka, nayo hufa. Kreatinini na urea, taka ambazo figo huzichuja, hupanda kwenye damu. Kwa panya waliokula spirulina hupanda kidogo kuliko wenzao. Sifa kubwa hupewa fikosianini, rangi ya buluu ya spirulina inayozima zile molekuli kali za oksijeni.

Sasa angalia saa. Spirulina huanza mara nyingi siku kadhaa kabla ya sumu, au pamoja nayo. Mgonjwa wetu huja seli zimeshakufa. Hiyo ni kinga, na kwa binadamu bado haijathibitishwa, tiba siiiti.

Angalia na dozi. Panya hupewa, tuseme, mg 500 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu, gawanya kwa 6.2, kigawanyo cha kugeuza dozi ya panya kuwa ya binadamu, upate kama mg 80 kwa kilo. Mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 5, yaani vidonge 10 vya mg 500 kila siku. Anayemeza viwili yuko mbali na jaribio lile.

Fikosianini haistahimili moto, kwa hiyo usikoroge unga huo kwenye uji unaochemka. Tia chembe kidogo kwenye glasi ya maji baridi, uache usiku kucha: unga mzuri huachia rangi ya buluu.

Mwani ni jambo jingine kabisa. Kotonii, aina ya mwani unaolimwa, ikikauka kichanjani hutoa ukungu mweupe wa chumvi. Ile si ya mezani. Sehemu yake kubwa ni kloridi ya potasiamu. Figo iliyochoka haiwezi kuitoa, na potasiamu ikizidi moyo hupoteza mapigo. Mgonjwa wa figo asiuguse mwani bila daktari wake kujua. Spirulina gramu 5 ina kama mg 70 tu za potasiamu. Ndizi mbivu moja inaipita mara kadhaa.

Hatari ya spirulina iko bwawani ilikokuzwa. Hunyonya risasi na zebaki kutoka majini, na vijidudu jamaa zake vikiingia huacha mikrosistini, sumu ya ini. Dai cheti cha maabara cha toleo lilelile unalonunua, kinachotaja vyote hivyo pamoja na kadimiamu na aseniki. Muuzaji akikosa, mrudishie kopo.

Na kwa mchimbaji wa Handeni anayechomea jikoni dhahabu iliyoshikwa kwa zebaki: hakuna kidonge cha kijani kinachoshindana na moshi ule. Choma nje, mbali na watoto, kwa chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke wa zebaki kuwa zebaki ya majimaji. Anayeandikiwa jentamaisini naye aombe kipimo cha kreatinini kabla ya sindano ya kwanza, kisha kirudiwe kila baada ya siku mbili au tatu akiwa bado anadungwa.