Bafa ya jeli ya DNA: yanayosemwa maabara na ukweli wake

Kijana wa Kigoma anayeingia maabara kusoma DNA ya dagaa au ya michikichi hufundishwa kwa makini namna ya kuyeyusha agarosi, unga wa kutengenezea jeli ambamo umeme hutenganisha vipande vya DNA, na kupakia sampuli kwenye vishimo vya jeli hiyo. Bafa, majimaji yanayoizunguka jeli na kuzuia pH (kipimo cha asidi na besi) isiyumbe, haielezwi. Anaambiwa tu ajaze tangi mpaka jeli ifunikwe. Ndiyo maana jeli ikitoka vibaya lawama huenda kwa sampuli, wakati tatizo lilikuwa kwenye tangi tangu mwanzo.

“Bafa ni maji ya kupitishia umeme tu.”

Kupitisha umeme ni kazi yake mojawapo. DNA ina chaji hasi kwa sababu ya fosfeti zake, hivyo umeme ukiwashwa inaelekea elektrodi chanya. Lakini umeme huohuo unavunja maji: upande hasi inatoka haidrojeni na majimaji yanageuka kuwa besi, upande chanya inatoka oksijeni na yanageuka kuwa asidi. Trisi, ambayo ni besi, ikiwa pamoja na asidi asetiki (bafa ya TAE) au asidi boriki (TBE) ndiyo inayoishikilia pH karibu na 8.3. Humo pia kuna EDTA, inayokamata ioni za magnesiamu. Vimeng'enya vingi vinavyokatakata DNA haviwezi kazi bila magnesiamu.

“Maji ya bomba yanatosha, mbona yana chumvi zake.”

Hili kwa Kigoma ni kosa zito kuliko sehemu nyingi. Maji ya mjini yanavutwa kutoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina magnesiamu nyingi, karibu miligramu 40 kwa lita, kuzidi hata kalsiamu yake. Piga hesabu: miligramu 40 ni takriban milimola 1.6. TAE iliyokwisha kuchanganywa kwa matumizi, yaani 1×, ina EDTA milimola 1 tu. Maana yake EDTA yote imeshikwa kabla sampuli haijaingia kishimoni, na magnesiamu nyingine imebaki huru kuvihudumia vimeng'enya vilevile tulivyotaka kuvizuia. Maji kuonekana maangavu hakubadilishi chochote, na kuyachuja kwa karatasi hakuondoi ioni. Tumia maji yaliyokenekwa: mililita 20 za TAE 50× (iliyokolezwa mara 50) ndani ya mililita 980 za maji hayo. Kama ni machache, yaokoe kwenye kuosha vyombo. Osha kwa maji ya bomba, kisha suuza mara ya mwisho kwa yaliyokenekwa.

“Bafa nzito huharakisha kazi.”

Kinyume chake. Ioni zikizidi, mkondo mwingi unabebwa na hizo ioni badala ya DNA, na nguvu inaishia kuwa joto. Mtu akisahau kuzimua TBE ya 10×, tangi linachemka na jeli inaweza kulainika na kuyeyuka. Akijaza maji matupu, DNA haisogei kwa maana. TBE ya 0.5× inafanya kazi vizuri kabisa, na kwa maabara inayosubiri kemikali zake kutoka Dar es Salaam huo ni uokoaji halali. Sharti ni moja: jeli na tangi vitumie bafa ileile, kwa uzito uleule.

Volti nazo hupangwa kwa umbali kati ya elektrodi, siyo kwa urefu wa jeli. Volti 5 kwa kila sentimita ni mwanzo mzuri. Elektrodi zikiachana sentimita 20, weka 100.

“Mapovu yakitoka, DNA inatembea kunakotakiwa.”

Mapovu yanathibitisha kwamba mkondo unapita, basi. Ukigeuza nyaya yatatoka vilevile, na DNA itarudi nyuma na kumwagika tangini. Tazama rangi ya kupakia, ile iliyochanganywa na sampuli, imeelekea wapi baada ya dakika chache.

“Bafa hurudiwa mpaka iishe.”

Kurudia kunaruhusiwa, lakini TAE huchoka haraka kuliko TBE. Dalili zake ni mistari iliyofifia kingo na tangi kupata joto kuliko kawaida. Dalili ninayoiamini zaidi ni bromofenoli buluu, mojawapo ya rangi za kupakia, kugeuka manjano inapokaribia upande chanya, kwa kuwa rangi hiyo hubadilika hivyo asidi inapozidi. Bafa hiyo mwaga. Ile ambayo bado ni nzima, ichanganye pande zote mbili za tangi kabla ya jeli inayofuata. Chupa ya TBE nzito iliyoota fuwele nyeupe chini isitumike kama ilivyo, kwani vipimo vyake vimeshavurugika.

Wapo pia wanaoongeza asidi haidrokloriki ili kurekebisha pH ya TAE. Haihitajiki, viambato vikipimwa sawasawa pH inajipanga yenyewe. Kloraidi inayoongezeka inaleta joto tu.

“Bila trisi hakuna jeli.”

Mwaka 2004 Jonathan Brody na Scott Kern wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba bafa ya sodiamu na asidi boriki inatosha. Ni haidroksidi ya sodiamu milimola 10 kwa lita, na asidi boriki inayoongezwa hadi pH ifike karibu 8.5. Haipati joto sana, hivyo inavumilia volti nyingi na jeli inaisha mapema, na viambato vyake ni rahisi. Kwa vipande vifupi vya PCR (njia ya kunakili DNA) ningependa kuiona kwenye maabara zetu nyingi zaidi. Kwa vipande virefu vya maelfu ya jozi za besi (kipimo cha urefu wa DNA), endelea na TAE.