Nero Hakuwahi Kuliona Colosseum

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni mjini Roma. Likizo za vyuo zikifika, wengi ninaowapokea ni wanafunzi wetu wanaosoma Ujerumani, Poland, Ufaransa au hukuhuku Italia, waliochangishana wakaja watano au sita kwa siku mbili. Nawapenda, maana wanauliza sana. Lakini kila kundi, tukishatoka tu kwenye kituo cha metro na Colosseum, ule uwanja mkubwa wa maonyesho wa Waroma wa kale, likatutokea mbele, lazima mmoja awaambie wenzake: "Hapa ndipo Nero alipowatupa Wakristo kwa simba." Haulizi, anatoa taarifa. Wengine wanaitikia kwa kichwa, simu zinatolewa, na maelezo yanapanda mtandaoni kabla sijafungua mdomo.

Nero, Kaisari wa Roma, alijiua mwaka 68 baada ya Kristo. Colosseum lilianza kujengwa na Kaisari Vespasian mwanzoni mwa miaka ya 70, likafunguliwa na mwanawe Titus mwaka 80 kwa michezo ya siku 100. Kufikia hapo Nero alikuwa na miaka 12 kaburini. Enzi zake, mahali hapo palikuwa na ziwa la kuchimbwa katikati ya bustani za kasri lake, Domus Aurea. Vespasian alilikausha akajenga uwanja wa watu wote juu yake, na nia yake ilieleweka: ardhi ambayo Nero aliifanya yake binafsi irudi kwa raia. Kwa hiyo anayesema Nero alikaa humo akiwaangalia simba, anamkalisha mtu kwenye jengo lililosimamishwa kwa ajili ya kumfuta.

Wakristo wa Nero waliuawa kweli, na habari zao tunazo. Usiku wa Julai mwaka 64 moto ulianzia kwenye maduka yaliyopakana na uwanja wa mbio za magari ya farasi, Circus Maximus, ukaenea. Kati ya mitaa 14 ya jiji, minne tu ndiyo iliyosalimika. Nero mwenyewe alikuwa Antium, pwani, akarudi moto ukiwa unaendelea. (Wanaosema alikuwa akipiga fidla wakumbuke kwamba chombo hicho kilikuja karne nyingi baadaye.) Watu walipoanza kunong'ona kwamba yeye ndiye aliyeamuru jiji lichomwe, akatafuta wa kubebeshwa lawama, akawapata Wakristo.

Aliyetusimulia ni Tacitus, mwanahistoria Mroma aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2. Hakuwapenda Wakristo hata kidogo, imani yao aliiita ushirikina wa hatari, na ndiyo maana ushahidi wake una uzito: hakuwa na sababu ya kuwatetea. Anasema walivikwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa. Mbwa, si simba. Wengine walisulubiwa, wengine walichomwa moto jua lilipotua ili wawe taa za usiku. Na mahali anapataja: bustani za Nero mwenyewe na uwanja wake wa mbio.

Uwanja huo ulikuwa ng'ambo ya Mto Tiber, kwenye bonde la Vatikani. Hapa ndipo ninapokasirika, na sifichi. Vijana wanasimama Colosseum kwa huzuni, wengine hata wanasali, halafu jioni wanakwenda Uwanja wa Mtakatifu Petro, wanaegemea nguzo kubwa ya mawe iliyo katikati, wanakula sandwichi, wanapiga picha na kuondoka. Nguzo ile ni obeliski ya Misri, jiwe moja la takriban mita 25, iliyoletwa Roma na Kaisari Caligula na kusimamishwa katika uwanja uleule wa mbio alioutumia Nero. Tacitus haitaji, lakini Wakristo wakiuawa obeliski ilikuwepo. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano aliagiza ihamishwe, na mhandisi Domenico Fontana akaisogeza hadi ilipo leo. Mahali pake pa zamani pamewekewa alama chini, pembeni mwa basilika upande wa kusini, kwenye kiwanja kidogo chenye jina la mashahidi wa kwanza wa Roma. Kanisa Katoliki linawakumbuka tarehe 30 Juni, siku inayofuata sikukuu ya Petro na Paulo, na mapokeo yanasema Petro naye aliuawa katika eneo hilohilo.

Je, hakuna Mkristo aliyefia Colosseum? Sisemi hivyo. Humo waliuawa watu wengi waliohukumiwa kifo, na haishangazi kama miongoni mwao walikuwemo Wakristo. Ninachosema ni kwamba maandishi ya karne za mwanzo hayalitaji Colosseum kama mahali pa mashahidi. Heshima hiyo ilikuja baadaye sana, na katika karne ya 18 Papa Benedict wa 14 ndiye aliyeliweka jengo wakfu kwa kumbukumbu ya mateso ya Kristo. Msalaba mnaouona ndani na Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu vinatokana na heshima hiyo. Ni ibada halali kabisa. Ila mtu anayetaka kusali pale Wakristo wa Nero walipomwaga damu, avuke mto.

Na kama jambo hili linamgusa kweli, aombe nafasi ya kushuka kwenye makaburi ya kale yaliyo chini ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Maombi yanapelekwa kwenye ofisi ya uchimbaji ya Vatikani, na nafasi ni chache, kwa hiyo andika mapema sana, kabla hata ya kukata tiketi ya basi. Kila mwaka nawaambia, na kila mwaka wananipigia simu wakiwa tayari wako kwenye foleni.

Si hilo la Nero tu, kuna mengine yasiyo kweli ninayoyasikia kila mara. "Colosseum lilibomolewa na Wabarbari waliovamia Roma." Upande wa kusini uliangushwa na matetemeko ya ardhi, hasa lile la mwaka 1349, kisha Waroma wenyewe wakabeba mawe kwenda kujengea makasri na makanisa. Matundu mnayoyaona ukutani yalichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta vyuma vilivyoshikilia mawe.

"Kila pambano la gladieta liliisha kwa kifo." Gladieta, yaani mpiganaji wa uwanjani, aliyefunzwa alikuwa mali ya gharama kubwa, na aliyemkodi alilipa zaidi akiuawa. Wengi walishindwa wakaachwa hai. Mabaki ya chuo chao, Ludus Magnus, yako hatua chache kutoka Colosseum, unayaona ukiwa barabarani bila kulipa senti.

"Wakristo walijificha katika katakombu." Yale ni makaburi ya chini ya ardhi, si maficho. Yalichimbwa nje ya kuta kwa sababu sheria ilikataza kuzika ndani ya jiji, na serikali ilijua yalipo.

"Maji ya bombani barabarani ni machafu." Hili linaniuma, maana nawaona wanafunzi wasio na pesa wakinunua chupa baada ya chupa. Vile vibomba vya chuma vinavyotiririka mchana kutwa, nasoni, ni maji safi ya kunywa, ya baridi na ya bure. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia tundu dogo lililo mgongoni mwake, unakunywa bila kuinama.

Kuhusu kiingilio, wadogo zangu, nisikilizeni vizuri. Ile tiketi ya euro 2 kwenye makumbusho ya serikali, Colosseum likiwemo, ni ya raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wenye miaka 18 hadi 25. Kitambulisho cha chuo cha Munich au Warsaw hakikugeuzi raia, na kubishana na mhudumu wa dirishani hakusaidii, naye anafuata sheria. Aliye chini ya miaka 18 anaingia bure, awe wa taifa lolote. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote, lakini wahini foleni asubuhi. Vatikani ni nchi nyingine yenye bei zake, usichanganye.

Tiketi ya Colosseum siku hizi hutoka kwa jina la mtu. Majina yetu ni matatu, pasipoti ina mpangilio wake, na rafiki anayewakatia wote kwa simu moja huandika lile mnalomwita chuoni. Mpe picha ya pasipoti yako, anakili herufi kwa herufi, na siku ya kuingia uje na hiyo pasipoti.