Je, wajua kwa nini simu ya ofisi huita vizuri, lakini ikipokelewa upande mmoja hausikii?

Simu ya mezani inaita. Sekretari anainua mkono wa simu na kusema "haloo". Mteja anamsikia vizuri kabisa, anajitambulisha, anauliza mzigo wake umefikia wapi. Sekretari hasikii kitu. Hakuna mkwaruzo wala sauti ya mbali, ni kimya kitupu. "Haloo? Haloo?" Mteja anazidi kupaza sauti kana kwamba kasoro iko kwenye mapafu yake. Mwishowe wanahamia WhatsApp, kwa intaneti ileile na ruta ileile ya ofisi, na wanaongea bila taabu.

Ofisi ndogo zilizohama kutoka simu za waya kwenda simu za intaneti zinaijua hali hii, na maelezo yake huwa mawili. La kwanza: mkono wa simu umekufa. La pili: intaneti ni ndogo, tuongeze kifurushi. Yote mawili yana mantiki, na mara nyingi yote mawili si kweli. Inafaa kueleza kwa nini, maana fedha nyingi hupotelea hapo.

Dhana ya mkono wa simu imerithiwa kutoka enzi za waya wa shaba, na enzi hizo ilikuwa sahihi. Jozi moja ya nyaya ilibeba kila kitu: umeme wa volti 48 kutoka kituo cha simu, mkondo wenye nguvu zaidi wa kupiga kengele, na sauti za watu wote wawili kwa wakati mmoja. Njia ilikuwa moja. Simu ikiita, basi njia ipo. Na kama njia ipo lakini husikii, kilichoharibika ni kisikilizio kilicho sikioni mwako au kipaza sauti cha mwenzako. Fundi alifungua mkono wa simu, akabadilisha kidude, akalipwa, na simu ikafanya kazi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kufikiri kwamba kengele na sauti vinaweza kupita barabara tofauti, sembuse sauti yangu na yako.

Dhana ya intaneti ndogo nayo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ni ngumu kuiua. Hebu tupige hesabu. Katika mfumo wa kawaida wa simu hizi, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8. Hiyo ni kilobiti 64 kwa sekunde. Hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Ukijumlisha anwani na mengine ambayo kila pakiti hulazimika kubeba, simu moja hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwa kila upande. Simu kumi kwa pamoja hazifikishi megabiti moja. Kifurushi cha megabiti 10 kinazimudu, alimradi hakuna mtu anayepakia video za harusi kwa wakati huohuo.

Intaneti ikizidiwa, dalili zake ni nyingine: sauti hukatika-katika, hugeuka ya roboti, huchelewa mpaka watu wanaanza kuongea kwa pamoja. Upande mmoja unaweza kuumia zaidi, hasa pale kasi ya kupakia inapokuwa ndogo kuliko ya kupakua. Lakini msongamano huacha mabaki: silabi hapa, nusu neno pale. Hauchagui upande mmoja na kuunyamazisha tangu "haloo" ya kwanza hadi ya mwisho, huku mwingine ukisikika kama redio. Kimya kamili cha upande mmoja ni ugonjwa wa anwani.

Kwenye simu ya intaneti, kuita na kuongea ni safari mbali mbali. Kuita hufanywa na itifaki (kanuni ambazo vifaa hufuata ili kuelewana) iitwayo SIP, iliyotolewa mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2002. SIP hufanya kazi ya mshenga: hupeleka habari kwamba fulani anataka kuongea, hurudisha jibu, na mwisho hutangaza kwamba mazungumzo yamekwisha. Sauti haiigusi. Sauti husafirishwa na itifaki nyingine, RTP, ya mwaka 1996, kupitia milango mingine ya mtandao, au poti kama mafundi wanavyoziita. SIP kwa kawaida hutumia poti namba 5060. Sauti hupangiwa poti papo hapo. Katika Asterisk, programu huria ya PBX (mtambo wa kuunganisha simu za ofisi) iliyoanzishwa na Mark Spencer huko Alabama mwaka 1999 na ambayo ofisi nyingi ndogo huitumia bila hata kujua, poti hizo kwa kawaida huchaguliwa kati ya 10000 na 20000. Tena mikondo ya sauti ni miwili, wa kwenda na wa kurudi, na kila mmoja unajitegemea. Mmoja unaweza kufa na mwingine usijue.

Sasa tufike kwenye kiini. Ujumbe wa SIP ni maandishi ya kawaida yanayosomeka. Ndani yake simu yako huandika mahali ambapo ingependa sauti iletwe, kwa mistari kama hii:

c=IN IP4 192.168.1.20
m=audio 11780 RTP/AVP 8

Maana yake: nitumie sauti kwenye anwani 192.168.1.20, poti 11780. Shida ni kwamba anwani hiyo haipo duniani. Ipo ofisini kwako tu, na katika mamilioni ya ofisi nyingine. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, IPv4, hazizidi bilioni 4.3 hivi, nazo hazitoshi. Dawa iliyobuniwa mwaka 1994, NAT, ni kuvipa vifaa vyote vya jengo anwani moja ya hadharani, huku ndani kila kimoja kikitumia anwani ya faragha.

Anayejua mambo ya S.L.P. ameshaelewa nusu. Chukua taasisi yenye sanduku moja la posta na vyumba hamsini. Barua zote hutoka na kuingia kupitia masjala. Karani wa masjala akipokea barua kutoka Chumba 20, huiweka kwenye bahasha yenye S.L.P. ya taasisi, kisha huandika daftarini: "Chumba 20 kimeandikia kampuni fulani." Majibu ya kampuni hiyo yakija kwenye sanduku, karani hufungua daftari, huona mstari ule, huyapeleka Chumba 20. Posta haijui kwamba kuna Chumba 20 wala haihitaji kujua. Hiyo ndiyo NAT, na karani ndiye ruta yako.

Barua za SIP hupita vizuri katika utaratibu huu. Simu ya ofisi hujiandikisha kwa seva ya mtoa huduma kila baada ya muda, hivyo mstari wake daftarini huwa haujafutwa. Mteja akipiga, seva hutuma habari kwenye S.L.P., karani hutazama daftari, simu inaita. Hadi hapa kila mtu anafurahi.

Lakini ndani ya barua, Chumba 20 kimeandika kwa mkono wake: "Vifurushi vya sauti nileteeni Chumba 20." Bahasha ina S.L.P., barua haina. Mpokeaji mtiifu husoma barua na kuitupa bahasha. Anafunga vifurushi 50 kila sekunde, juu ya kila kimoja anaandika "Chumba 20", anavipeleka posta. Posta ya wapi itafikisha kitu kwa anwani ya "Chumba 20"? Vinatupwa, vyote, kimyakimya. Wakati huohuo, vifurushi vya sauti vinavyotoka kwako vinafika salama, kwa sababu seva ya mtoa huduma ina S.L.P. halali na imeiandika ndani ya barua yake. Mteja anakusikia. Wewe humsikii. Na endapo pande zote mbili ni ofisi zilizo nyuma ya masjala, zikijaribu kupelekeana sauti moja kwa moja bila seva katikati, kimya huwa cha pande zote: simu inaita, inapokelewa, dakika zinahesabika, hakuna neno linalovuka.

Cha kushangaza ni kwamba SIP ilipotoka, NAT ilikuwa na umri wa miaka mitano. Haikuwa siri. Ila SIP iliandikwa kwa ajili ya intaneti ambamo kila kifaa kina anwani yake ya kweli, intaneti iliyokuwa ikitoweka. Skype, iliyokuja mwaka 2003, ilichukulia tangu mwanzo kwamba watumiaji wake wako nyuma ya makarani, ikajengwa ili ipenye. WhatsApp nayo hujaribu kuunganisha simu mbili moja kwa moja, na ikishindikana hupitisha sauti kwenye seva zake zenye anwani za hadharani. Ndiyo sababu yule sekretari na mteja wake walielewana huko kwa ruta ileile.

Tiba za SIP zilikuja baadaye, kiraka juu ya kiraka. STUN, ya mwaka 2003, huiwezesha simu kuuliza seva ya nje: "Bahasha yangu imefika na S.L.P. gani?" kisha ikaandika hiyo ndani ya barua. Njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye akili zaidi, ni mtoa huduma kupuuza kabisa yaliyoandikwa kwenye barua. Husubiri kifurushi chako cha kwanza cha sauti, huangalia kimetoka S.L.P. gani, na hurudisha vyake hukohuko. Karani atavipitisha kwa kuwa mstari umo daftarini. Hitilafu yake ni moja, nayo inachekesha: pande zote mbili zikipangwa hivyo, kila mmoja humngoja mwenzake aanze.

Halafu kuna tiba iliyogeuka ugonjwa. Watengenezaji wa ruta waliamua kumsaidia karani kwa kumpa ruhusa ya kufungua barua za SIP na kusahihisha anwani zilizo ndani. Kipengele hicho huitwa SIP ALG, na ruta nyingi za bei nafuu hutoka dukani kikiwa kimewashwa. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Kwa vitendo, karani huyu husahihisha mstari mmoja na kuusahau mwingine, au hufuta anwani sahihi ambayo STUN ilikwisha kuiandika. Mafundi wengi wa simu hizi, kabla hawajagusa kitu kingine, huingia kwenye ruta na kukizima. Si kila ALG ni mbovu. Zipo zinazofanya kazi yake vizuri. Lakini ukikuta kimya cha upande mmoja, pa kuanzia ni hapo.

Ndugu wa tatizo hili ni simu inayokatika kila ikifika sekunde 32. Wengine hudhani ni ujanja wa kampuni ya simu. Ni hesabu iliyo ndani ya SIP yenyewe. Aliyepokea simu hutuma ujumbe wa "nimepokea", kisha husubiri uthibitisho kutoka kwa aliyepiga. Asipoupata hurudia ujumbe wake, na hukata tamaa baada ya mara 64 ya muda wa msingi wa nusu sekunde: sekunde 32 kamili. Uthibitisho ulitumwa, ila kwa anwani ya faragha, na umepotea njiani kama vile vifurushi vya sauti.

Kwa ofisi za Afrika Mashariki zinazotegemea ruta za laini ya simu, kuna tabaka jingine. AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani, liliingia awamu ya mwisho ya kugawa IPv4 Januari 2020, na kampuni za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Anwani ya nje ya ruta yako ikianza na 100.64 hadi 100.127, basi una karani wa pili, aliyeko kwenye kampuni ya simu, na daftari lake huwezi kuligusa. Kufungua poti kwenye ruta ya ofisi hakutasaidia. Lazima msaada utoke upande wa mtoa huduma wa SIP, au uombe anwani ya hadharani, ambayo kwa kawaida hulipiwa. IPv6, mtindo mpya wa anwani za intaneti, inazo anwani za kumtosha kila mtu, lakini ruta bado zinaweza kuikataa sauti ambayo haikutanguliwa na mawasiliano kutoka ndani, kwa hiyo haiponyi kila kitu.

Kabla ya kununua mkono mpya wa simu, pima kwanza. Kama ofisi ina PBX ya Asterisk inayoendeshwa kwa FreePBX, programu ya kuisimamia Asterisk, piga *43: mtambo utakurudishia sauti yako mwenyewe. Mtambo ukiwa humohumo ofisini, sauti hiyo haipiti kwa karani hata kidogo. Ukijisikia, mkono ni mzima. Kisha piga namba ya ndani ya mwenzako wa chumba cha pili. Mkisikizana ninyi kwa ninyi na kimya kikaanza pale tu simu inapotoka nje, mwite anayeshughulikia ruta, si muuza simu. Na usipojisikia hata kwenye *43, basi huenda mkono wa simu kweli umekufa. Hutokea pia.