Namba ya mashine haitoshi kutoboa jino

Wiki iliyopita mama mmoja wa Misungwi aliniletea binti yake wa miaka 13 hapa Mwanza mjini. "Shikamoo daktari. Huyu wameniambia ana magego manne ya kuziba. Mashine imesema." Binti haumwi jino lolote. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta hela.

Mashine yenyewe ninayo pia. Ni kifaa chenye ncha kama kalamu, kinachotoa mwanga mwekundu wa leza wa nanomita 655. Bakteria wanaoozesha jino huacha mabaki yaitwayo porifirini, na mabaki hayo yakipigwa na mwanga huo hung'aa. Kifaa hupima mng'ao na kutoa namba kati ya 0 na 99. Kwa hiyo hakipimi shimo, wala hakijui jino limelainika kiasi gani. Ugaga nao hung'aa. Rangi ya chai iliyoganda kwenye mifereji ya gego hung'aa. Hata dawa ya meno iliyobaki baada ya kusukutua inaweza kupandisha namba.

Niliweka ncha kwenye gego la chini kulia kabla ya kugusa chochote: 31. Kisha nikasugua mifereji kwa brashi na maji, nikasuuza vizuri, nikaweka pamba kando ya shavu, nikapuliza hewa kwa sekunde 5. Nikapima tena: 11. Jino ni lilelile, tena limepita dakika nne tu.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Tafiti zilizolinganisha njia hizi zimeonyesha mara nyingi kwamba leza ni hodari wa kukamata uozo kuliko jicho peke yake, lakini hukamata na wasio na kosa. Jino likishatobolewa halirudi. Miaka ya nyuma nilifungua gego la kijana mmoja kwa kuamini namba, nikakuta doa la rangi juu ya enameli, yaani gamba la nje la jino, ngumu kabisa. Jino hilo litabeba kiraka maisha yake yote, na kiraka hicho nilikiweka mimi.

Njia ya zamani, yaani kioo, taa na jicho, watu huidharau kwa sababu haina skrini. Lakini nayo ni njia ya mwanga. Enameli inayoanza kuoza huwa na vitundu vidogo sana vilivyojaa maji ya mate. Maji hupindisha mwanga karibu sawa na inavyofanya enameli, hivyo doa halionekani. Ukikausha, hewa inachukua nafasi ya maji, mwanga unatawanyika, na doa linajitokeza jeupe kama chokaa. Doa linaloonekana baada ya kukausha tu bado ni la juujuu. Linaloonekana hata jino likiwa limelowa limeshazama zaidi. Nilipokwenda Ukerewe kupima wanafunzi, kazi yote niliifanya kwa taa ya kichwani, kioo na pamba, kiti kikiwa karibu na dirisha.

Kitu kimoja tu cha zamani nimekiacha: kuchokonoa kwa ncha kali. Ngozi ya juu ya doa changa bado inaweza kupona. Ukiidunga unaivunja, na hapo umetengeneza shimo mwenyewe.

Kanda yetu ina jambo jingine. Visima vingi vya Mwanza na Shinyanga vina floridi nyingi (madini yanayoimarisha jino yakiwa kidogo), na kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Watoto waliokulia kwenye maji hayo wana meno yenye mawingu meupe au kahawia. Si uozo, ingawa mawingu hayo yanaweza kupandisha namba ya leza. Mimi hutazama mpangilio: mawingu ya floridi hukaa pande zote mbili, jino la kulia likifanana na mwenzake wa kushoto, na hayana ukingo mkali. Doa la uozo hufuata ufizi au mfereji, pale utando wa bakteria unapotulia.

Kati ya jino na jino jicho halifiki. Hapo eksirei ndiyo mzoefu, lakini huchelewa: enameli hupoteza takriban asilimia 30 hadi 40 ya madini kabla kivuli hakijaonekana. Kumulika jino kwa nyuma husaidia, kama mama anavyomulika yai kwa tochi; sehemu iliyooza huonekana nyeusi. Kamera mpya hufanya hivyo kwa mwanga wa infraredi wa nanomita 780, bila mionzi ya eksirei, na kwa watoto na wajawazito ni nafuu kubwa. Haikwambii, hata hivyo, uozo umekaribia kiini cha jino kiasi gani. Hapo lazima urudi kwenye eksirei.

Kwa binti wa Misungwi, magego matatu yalikuwa mazima. La nne lilikuwa na mstari mweupe kando ya ufizi, mkavu na usio laini. Nilipaka vanishi ya floridi, nikaziba mifereji bila kutoboa, nikampa kioo aone mstari ulipo na jinsi ya kuupigia mswaki. Mama akaniuliza, "Kwa hiyo hatobolewi?" Hatobolewi, mama. Kwenye kadi nimechora gego hilo na mahali mstari ulipo, na baada ya miezi 3 nitaukausha tena kwa sekunde 5 niutazame.