Bia mbili hazifikishi promili 1.6

"Nilikunywa bia mbili tu, wakanionea." Ndugu zangu mlioko Ujerumani, wiki hii nimeambiwa hivyo tena na mtu ambaye karatasi ya kipimo cha damu yake ilikuwa mezani kati yetu, imeandikwa promili 1.6, yaani gramu 1.6 za alkoholi kwa kila kilo ya damu. Kazi yangu ni kuwaandaa watu waliofutiwa leseni kwa ajili ya MPU, uchunguzi wa kitabibu na kisaikolojia wa kuona kama unafaa kuendesha gari tena, na maneno hayo yamewaangusha wengi.

Tupige hesabu, maana mtahini ataipiga. Bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Kwa mwanamume wa kilo 80 inapandisha kama promili 0.35. Bia mbili ni 0.7, na hapo ini hatujalihesabu, nalo huondoa kati ya 0.1 na 0.2 kila saa. Ukianza saa mbili usiku, ukapimwa saa saba ukakutwa na 1.6, ulikunywa bia sita au saba. Tena mwili usiozoea pombe, ukipewa kiasi hicho, hutapika au hulala. Wewe uliwasha gari, ukarudi nyuma bila kugonga, ukaingia barabarani. Mtahini anauona hapo mwili uliozoea kwa muda mrefu. Ndiyo maana ukifikisha 1.6 unapelekwa MPU hata kama ulikuwa kwenye baiskeli.

Kwenye MPU kuna daktari, kuna kipimo cha wepesi wa kuitikia kwenye kompyuta, lakini uzito uko kwenye mazungumzo na mwanasaikolojia. Ulikuwa unakunywa kiasi gani, kwa nini, nini kimebadilika, harusi ijayo utafanyaje. Majibu ya kukariri mnayouziwa anayajua.

Mengine kwa haraka. Kipindi cha marufuku kikiisha leseni hairudi yenyewe, unaomba upya. Leseni utakayochukua Nairobi au Dar ukiwa likizo haitakuruhusu kuendesha huku. Ushahidi wa kuacha pombe ni nywele au mkojo. Sentimita 1 ya nywele ni mwezi 1, basi mnaonyoa kipara chagueni mkojo. Ripoti ni mali yako: agiza iletwe kwako, na ikiwa mbaya hulazimiki kuipeleka ofisi ya leseni.

Kuna jambo linaloniumiza. Mtu aliyelelewa kwamba ya ndani hayaanikwi nje anakalishwa mbele ya mgeni, anasema kupitia mkalimani aliyeapishwa, na haya yake inaweza kusomeka kama kuficha. Sina imani kwamba watu hawa wanatendewa haki sawa na wengine. Hata nani aache kabisa na nani apunguze tu, wataalamu hutofautiana, na mimi mwenyewe huwa natabiri nikakosea.

Ukija kwangu, njoo na usiku ule ulivyokuwa, chupa kwa chupa, pamoja na zile ambazo mkeo hajawahi kuzisikia.