Kampuni binafsi na vita dhidi ya malaria: maswali na majibu

Kudhibiti malaria si kazi ya Wizara ya Afya? Kampuni zinaingiaje hapo?

Wizara ndiyo inayopanga na kusimamia, na ni vizuri ibaki hivyo. Lakini chandarua chenye dawa, kipimo cha haraka, dawa mseto na chanjo vyote hutoka viwandani, na vingi vya viwanda hivyo ni vya watu binafsi. Kisha wapo waajiri. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 263 waliugua malaria na 597,000 walikufa, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Mtoto akilazwa, mzazi wake hafiki kazini.

Ni wapi kampuni imeleta mabadiliko yanayoonekana?

Mfano ninaoupenda ni Obuasi, mji wa machimbo ya dhahabu nchini Ghana. Malaria ilikuwa imeielemea hospitali ya mgodi, ndipo kampuni ya mgodi huo, AngloGold Ashanti, ikaamua kupulizia dawa ukoko, yaani dawa ya kuua mbu inayobaki ukutani, kwenye kuta za nyumba. Upuliziaji ulianza mwaka 2006, na katika kipindi cha miaka miwili hivi wagonjwa walipungua kwa takriban robo tatu.

Siri yake ni kwamba hawakuishia kwenye nyumba za wafanyakazi. Walipulizia mji mzima, wakitumia vijana wa hapohapo waliofunzwa kazi. Mbu aenezaye malaria akishashiba damu hutua ukutani kupumzika, na hapo ndipo dawa inapomkuta. Ukipulizia kambi ya wafanyakazi peke yake, mbu wanaendelea kuzaliana na kuuma ng'ambo ya uzio, na mfanyakazi anayelala mtaani anaugua kama kawaida. Kazi hii pia haifanywi mara moja ikaisha: dawa hupungua nguvu baada ya miezi kadhaa, na mbu huizoea, hivyo lazima aina ya dawa ibadilishwe kwa ushauri wa wataalamu wa wizara. Baadaye mpango huo ulipata fedha za Mfuko wa Dunia (Global Fund) wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ukapelekwa wilaya nyingine.

Kampuni za dawa zinatafuta faida. Tuziamini?

Tuziamini kwa masharti. Faida si dhambi, ila malaria ni ugonjwa wa maskini, na soko peke yake lisingewafikia. Ndiyo maana makubaliano yana uzito: mwaka 2001 Novartis, kampuni ya dawa ya Uswisi, ilikubaliana na WHO kuuza dawa mseto ya malaria ya Coartem bila faida kwa sekta ya umma ya nchi zenye malaria. Sumitomo Chemical ya Japani iliipa A to Z, kiwanda cha Arusha, Tanzania, teknolojia ya vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na ajira nyingi zikapatikana hapo. Chanjo ya malaria ya R21 ilibuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na inatengenezwa na Serum Institute of India. WHO iliipendekeza mwaka 2023.

Kiwanda chochote, kiwe cha nje au cha nyumbani, kikaguliwe. Dawa hafifu huua.

Na maduka ya dawa ya binafsi?

Wagonjwa wengi huanzia huko, kwa hiyo muuzaji ana dhamana kubwa. Si kila homa ni malaria. Mgonjwa apimwe kwanza, kisha apewe dozi kamili. Mtoto mwenye degedege au anayetapika kila kitu apelekwe hospitali mara moja.

Kampuni yetu ni ndogo. Tuanzie wapi?

Anzeni na eneo lenu wenyewe. Mashimo ya ujenzi na mitaro iliyoziba hutuamisha maji, na yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo kagueni kila wiki. Wakumbukeni walinzi na wote wa zamu ya usiku, kwa sababu mbu huyu huuma zaidi usiku: wapeni dawa ya kujipaka na sare za mikono mirefu. Mtu akipata homa, aruhusiwe kwenda kupima siku hiyohiyo bila kukatwa mshahara.