Je, jozi moja ya ski yaweza kufaa kila aina ya theluji?

Mpwa wangu anaondoka Nairobi mwezi Septemba kwenda kusoma Innsbruck, Austria. Juzi jioni, tukinywa chai kwao South B, aliniuliza swali nililolisikia karibu kila siku miaka ile nilipofanya kazi ya msimu katika duka la kukodisha ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, huko Alps, milima ya Ulaya: "Mjomba, hakuna jozi moja ninayoweza kununua ikanitosha kwa theluji zote?"

Nilimwambia ipo, ila lazima akubali kupoteza kidogo huku na kidogo kule. Kinachoamua apoteze wapi ni milimita chache za upana, pale ski inapokaa chini ya buti. Hapo akaweka kikombe chini na kutaka maelezo kamili.

Shida huanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema "theluji" tukamaliza, lakini mlimani neno hilo hubeba vitu vilivyo mbali mno. Theluji iliyoanguka usiku wa baridi kali ni unga mtupu: mita moja ya ujazo yaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu. Ikishindiliwa na matrekta ya mlimani, ujazo uleule hufika kilo 400 au 500. Ikiyeyuka mchana na kuganda tena usiku, hukaribia barafu kamili, ambayo ni kilo 917. Halafu kuna ile ya mwezi wa Aprili saa nane mchana, iliyolowa, nzito kama uji wa jana. Mtu anaweza kukutana na zote nne kwa siku moja, juu ya mlima mmoja, na hapo ndipo kifaa kimoja kinapotakiwa kufanya kazi za vifaa vinne.

Fikiria soko la Gikomba, Nairobi, wakati wa mvua za masika. Wenye vibanda hutandaza mbao juu ya matope ili wateja wapite. Ukikanyaga tope lenyewe, kiatu kinazama hadi kifundoni. Ukikanyaga ubao, uzito wako uleule unasambaa, na tope linakubeba. Kwenye theluji ya unga, ski ni ule ubao. Ski ya sentimita 170 ina eneo la mara saba hivi kuliko soli ya buti, na ukiongeza upana unazidi kuelea. Kwa hiyo waendao kwenye unga mzito huchagua ski zenye milimita 105 hadi 120 katikati, sehemu inayoitwa kiuno.

Kwenye barafu mambo hugeuka. Huko kaskazini, Samburu na Marsabit, ngamia mwenye wayo mpana na laini hana mpinzani kwenye mchanga, lakini kwenye mwamba uliolowa hutembea kwa hofu. Mbuzi mwenye kwato ndogo, ngumu, zenye kingo, hupanda jabali bila wasiwasi. Ski ya barafu hufuata mbuzi. Pembezoni ina ukingo wa chuma wenye unene wa milimita 2 hivi, na ukingo huo peke yake ndio unaokushika usiporomoke.

Kwa nini basi wasiweke ukingo mkali kwenye ski pana, mtu akapata vyote? Kingo wanaziweka. Kinachowashinda ni goti. Soli ya buti ya ski ina upana wa karibu milimita 70 upande wa mbele. Ski yenye kiuno cha milimita 70 inaweka ukingo wake chini ya mguu moja kwa moja. Yenye 110 inautoa nje ya buti kwa milimita 20 kila upande. Unapoilaza ski ili ukingo uume, barafu inasukuma ukingo juu, na msukumo huo unapinda kifundo na goti lako kwa nguvu zaidi kadiri ukingo ulivyo mbali. Jaribu kubeba ndoo ya maji ukiwa umenyoosha mkono, kisha uishike karibu na nyonga. Maji ni yaleyale, lakini mkono utakwambia tofauti. Ndiyo maana ski pana hufanya miguu itetemeke mtu anapokaa nayo kutwa kwenye njia ngumu, na huchelewa kugeuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mshika mawili, moja humponyoka.

Hata hivyo, miaka arobaini iliyopita mpwa wangu angeuliza swali hili nisingekuwa na jibu lolote la kumpa. Ski za wakati huo zilikuwa karibu zimenyooka, nyingi zikifika mita 2, na kuzikatisha kona lilikuwa suala la ufundi wa miaka. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo.

La kwanza ni kiuno chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Elan ya Slovenia ilitoa ski iitwayo SCX, nyembamba katikati na pana ncha zote mbili kuliko zilizokuwa zimezoeleka. Ukitaka kuona maajabu yake, chukua kipande cha kartoni kirefu kama rula, kikate pande zote mbili kiwe chembamba katikati, kisha kiinamishe mezani kwa ukingo wake na ubonyeze katikati kwa kidole. Ukingo utagusa meza wote, na utakuwa umechora sehemu ya duara. Ski inapolazwa hufanya hivyohivyo: inajipinda na kukata kona yenyewe, mwenyewe akiifuata. Ndiyo maana leo karibu ski zote huandikwa nusu kipenyo cha kona yake. Ya mashindano ya slalom, yale ya kupinda kona fupifupi kati ya milingoti, ni mita 12 au 13, inazunguka haraka. Ya matumizi mengi huwa kati ya mita 15 na 20.

La pili lilitoka kwenye maji, na kwangu ndilo tamu zaidi. Ski ya kawaida ukiilaza chini bila mtu ina tao: katikati imeinuka, ncha zinagusa. Ukiisimamia, tao linabonyea na kusukuma ncha zishike theluji ngumu. Kwenye unga, ncha hizo hizo zinazama na kukuangusha kifudifudi. Shane McConkey, mteremkaji mashuhuri wa ski, aliona kwamba ski za majini zimepinda kinyume, ncha juu, na hata akajaribu kuteremka milima ya Alaska akiwa amevaa ski za majini. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ikauza Spatula, ski aliyoibuni yeye, iliyopinda kinyume kabisa. Kwenye unga iliteleza kama mtumbwi. Kwenye njia ngumu haikuwa na mshiko wa maana.

Watengenezaji wakachukua nusu ya kila wazo. Ski nyingi za kisasa za matumizi mengi zina tao la kawaida chini ya buti, ili zishike, na ncha ya mbele inayoanza kuinuka mapema, ili ipande juu ya unga. Mchanganyiko huo ndio uliofanya jozi moja iwezekane. Ukilaza ski mbili dukani matumbo kwa matumbo, utaona mchoro huo kwa macho: mwanya katikati, na mwanya mwingine kuelekea ncha.

Haya, mtu anunue ipi? Ski za kila hali huwa na kiuno cha milimita 80 hadi 100, na ndani ya nafasi hiyo mahali unapokwenda ndipo pa kukuongoza. Vermont, mashariki mwa Marekani, theluji huganda sana, kwa hiyo wenyeji hukaa upande wa 80 na kitu. Utah huanguka unga mkavu, na 95 au 100 ni ski ya kila siku. Hokkaido, Japani, unga ni mwingi hata 105 haishangazi. Alps, ambako wengi hushinda kwenye njia zilizoshindiliwa, 80 hadi 90 inatosha. Kosa nililoliona dukani mara nyingi kuliko yote ni mtu kununua ski ya ile theluji aliyoiona kwenye video, ambayo ataipata siku tatu kwa msimu, kisha akateseka nayo siku zilizobaki.

Urefu ni rahisi: kati ya kidevu na utosi, na anayeanza akae karibu na kidevu. Uzito nao ni wa kutazamwa. Ski yenye tabaka za aloi ya alumini ndani hutulia kwenye mwendo mkali na theluji yenye mabonge, lakini huchosha miguu michanga.

Niongeze jambo moja, maana Wakenya tukitaja ski humkumbuka Philip Boit wa Eldoret, aliyemaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998 kwa dakika 47, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Ninaipenda mno picha hiyo. Ila ski za Boit zilikuwa za kutembea nyikani: nyepesi, nyembamba sana, kisigino kikiwa huru. Hizi ninazozieleza ni za kuteremka, aina ambayo Sabrina Simader aliitumia akiiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki hiyo huko Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Hakuna jozi itakayounganisha michezo hiyo miwili.

Mpwa wangu ana urefu wa sentimita 170 na hajawahi kukanyaga theluji. Kwake nilitaja kiuno cha milimita 82 au 84, urefu wa sentimita 158 hadi 160, kona ya mita 14 au 15, bila tabaka za aloi. Na msimu wa kwanza azikodi, ahakikishe kingo zinanolewa mara kwa mara, kwa sababu ski iliyo butu haishiki barafu hata iwe nyembamba namna gani.

Pesa zake za kununulia nilimwambia aziweke kwenye buti kwanza. Kila kinachofika kwenye ski hupitia kwenye buti, na kisigino kikiinuka ndani hata kidogo, ukingo hausikii amri. Saizi yake haifanani na ya viatu vyetu; ni urefu wa mguu kwa sentimita. Akavua soksi pale pale, akaweka kisigino ukutani, nami nikapiga magoti na rula ya ndugu yake mdogo. Mguu wa kushoto ulikuwa 25, wa kulia 25 na nusu.